Uchambuzi: Sauti ya kike haipatikani kwa kulikaba koo

Agosti 2025, Mahakama Kuu ya Kenya mjini Eldoret ilitoa hukumu iliyozungumzwa sana Afrika Mashariki. Jaji Reuben Nyakundi alimpa haki mwanamke aliyebadili jinsia ambaye mwaka 2019 alikamatwa na kupekuliwa mwilini kwa njia ya kumdhalilisha. Aliamuru alipwe fidia ya shilingi milioni moja za Kenya, na akaitaka serikali iandae sheria ya kuwalinda watu wa aina yake. Miaka 11 kabla ya hapo, Oktoba 2014, Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru Baraza la Mitihani la Kenya libadilishe jina na kuondoa alama ya jinsia katika cheti cha skuli cha Audrey Mbugua, mwanaharakati ambaye jina lake linajulikana sana katika suala hili.

Kesi zote mbili zilihusu mambo ambayo mahakama inaweza kuyagusa: cheti, mahabusu, fidia. Sauti haimo katika orodha hiyo. Cheti huandikwa upya kwa amri ya jaji, lakini sauti inataka mazoezi ya miezi mingi, mwalimu anayejua kazi yake, na koo lenye afya. Katika eneo letu mwalimu huyo ni adimu, na wanaomhitaji wanaogopa kumtafuta. Matokeo yake, wengi hujifunza peke yao kwa siri, mbele ya simu, na baadhi yao huumiza koo.

Makala haya yanaeleza kwa nini hali iko hivyo, sauti inafanya kazi vipi, na mazoea gani yanailinda.

Wanaozungumziwa ni nani

Wanawake waliobadili jinsia ni watu walioandikishwa wanaume walipozaliwa lakini wanajitambua na kuishi kama wanawake. Baadhi hutumia dawa za homoni, baadhi hufanyiwa upasuaji, na wengine hawafanyi lolote kati ya hayo.

Hapa Unguja wapo wengi ambao dini na mila zao hazikubaliani na jambo hili, na makala haya hayakusudii kuumaliza mjadala huo. Swali letu ni dogo zaidi: mtu anayeitumia sauti yake kwa namna mpya, afanye nini asiliharibu koo? Jibu lake linamfaa pia mwalimu wa darasa la wanafunzi 80, muadhini, mwimbaji wa taarabu, mpiga debe wa daladala na sisi watangazaji.

Kwa nini sauti ina uzito mkubwa kwetu

Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika sarufi yake. "Amekuja" ni yeyote, na "yeye" ni yeyote. Mwarabu au Mfaransa hulazimika kuonyesha jinsia katika sentensi nyingi, Mswahili halazimiki. Kwa hiyo katika mazungumzo ya Kiswahili jinsia hubebwa na mambo machache: jina, namna ya kuitana kwa dada, kaka, bi au bwana, mavazi, na sauti.

Kwenye simu mavazi hayaonekani, hubaki jina na sauti. Tangu Januari 2020, laini za simu Tanzania ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa zilianza kuzimwa. Hivyo kila anayepiga simu kwa huduma kwa wateja, kwa mfano kwa sababu fedha za simu zimekwama, ana jina lililosajiliwa linalosomwa upande wa pili. Sauti isipolingana na jina, maswali huanza. Kwa mwanamke aliyebadili jinsia maswali hayo huja pande zote mbili: akizungumza kwa sauti nyembamba, jina la kiume linamshtaki, na akizungumza kwa sauti nzito, watu wa karibu yake wanageuka kumtazama.

Ndani ya daladala, dukani au foleni ya hospitali, neno moja tu linaweza kumtambulisha mbele ya watu asiowajua. Kwa hiyo wengi wanaofanya mazoezi ya sauti hawatafuti uzuri wa kuimba. Wanatafuta kununua mkate bila kutukanwa.

Homoni haziirudishi sauti nyuma

Sauti hutengenezwa ndani ya zoloto, sehemu ya koo ambayo kwa wanaume wengi huonekana kwa nje kama kikoromeo. Ndani yake kuna nyuzi mbili za sauti. Hewa kutoka kwenye mapafu inapopita, nyuzi hizo hutikisika. Kwa mwanamume wa kawaida hutikisika takriban mara 100 hadi 150 kwa sekunde, kwa mwanamke takriban mara 165 hadi 255. Katikati pana eneo ambalo msikilizaji hawezi kukata shauri kwa wembamba wa sauti peke yake.

Wakati wa balehe, homoni ya kiume, testosteroni, hurefusha na kunenepesha nyuzi hizo. Ndiyo maana mvulana hukatika sauti. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mabadiliko haya hayarudi nyuma. Mwanamke aliyebadili jinsia akitumia homoni za kike kwa miaka mingi, ngozi yake na umbo lake hubadilika, lakini nyuzi zilizokwisha kunenepa hubaki hivyo. Kwa mwanamume aliyebadili jinsia mambo ni kinyume: testosteroni kwa kawaida hushusha sauti yake yenyewe ndani ya miezi.

Upasuaji wa kuzifupisha au kuzikaza nyuzi za sauti upo, na nchi kama Korea Kusini na Thailand zinajulikana kwa kazi hiyo. Lakini ni ghali, unaweza kuiacha sauti dhaifu au ya kukwaruza, na unabadilisha wembamba tu. Namna ya kuzungumza bado hujifunzwa. Kwa walio wengi, njia iliyopo ni mazoezi.

Kosa kubwa: kupandisha sauti na kusahau mengine

Anayejifunza peke yake huanza karibu kila mara kwa kupandisha sauti. Huminya koo, hunyanyua mabega, na hutoa sauti kama ya kikaragosi. Akiendelea hivyo kwa saa nyingi, misuli inayozunguka zoloto hukakamaa. Nyuzi hugongana kwa nguvu, huvimba, na zikigongana hivyo kwa muda mrefu huweza kuota vinundu. Jioni sauti humpwelea, na asubuhi inarudi nzito kuliko jana. Naye, akidhani hajajitahidi vya kutosha, huongeza nguvu.

Ukweli ni kwamba sikio la msikilizaji halipimi wembamba peke yake. Zanzibar ina ushahidi wake. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013 akiwa mkongwe wa taarabu na unyago, alikuwa na sauti nzito yenye kukwaruza. Vijana wengi wa kiume wana sauti nyembamba kuliko ile. Hata hivyo hakuna aliyemsikia redioni akadhani anamsikia mwanamume. Sikio lilishika mambo mengine: mvumo, kupanda na kushuka kwa maneno, namna ya kuvuta silabi.

Mambo hayo hufundishika. La kwanza ni mvumo. Koo na mdomo ni kama mwili wa udi au gambusi: nafasi ikiwa kubwa sauti huvuma kwa uzito, ikiwa ndogo huvuma kwa wepesi. Ulimi ukisogea mbele na zoloto ikipanda kidogo bila kukazwa, nafasi hupungua na sauti hung'aa. Kiswahili kinasaidia hapa, kwa kuwa irabu "i" na "e" hutamkwa mbele ya mdomo. Anayeanza anaweza kuanza na maneno kama "mimi", "pili" na "miti", akisikiliza mtetemo karibu na midomo na pua badala ya kifuani.

La pili ni kiimbo, yaani namna sauti inavyopanda na kushuka ndani ya sentensi. La tatu ni pumzi: sauti laini huhitaji hewa inayotoka taratibu kutoka tumboni. La nne ni kujua unataka sauti ya nani. Mwanamke wa Mjini hasemi kama mwanamke wa Makunduchi, na bibi hasemi kama msichana wa chuo. Wengi huiga sauti za wanawake wa Marekani kutoka kwenye video za mafunzo, kisha wakirudi kwenye Kiswahili wanasikika wageni. Mfano mzuri uko nyumbani: mama, shangazi, jirani. Sauti ya ukoo wako ndiyo itakayokaa mdomoni mwako bila kulazimishwa.

Mazoea yanayolinda koo

Miongozo ya kimataifa ya huduma kwa watu waliobadili jinsia, toleo la nane lililotoka mwaka 2022, ina sura nzima kuhusu sauti na mawasiliano. Na kanuni za kutunza sauti hazibagui jinsia. Hizi ndizo zinazogusa zaidi maisha ya kwetu.

Maji. Nyuzi za sauti hutikisika vizuri zikiwa na unyevu. Lakini maji unayokunywa hayapiti juu yake. Unapomeza, njia ya hewa hufungwa, na kinachomezwa huelekea tumboni. Unyevu huzifikia nyuzi kupitia damu, tena baada ya muda. Kwa hiyo kunywa kidogo kidogo siku nzima ni bora kuliko chupa nzima dakika tano kabla ya kuzungumza. Kwa sababu hiyo hiyo tangawizi, asali na yai bichi haziwezi "kulainisha" nyuzi zenyewe. Asali na tangawizi hutuliza koo la juu, na hilo si baya, mradi usihadaike ukadhani koo limepona na kulitumikisha zaidi.

Ramadhani. Aliyefunga hana maji tangu alfajiri hadi magharibi, na katika joto la kaskazi koo hukauka mapema. Mazoezi yahamie usiku, saa moja au mbili baada ya futari mwili ukishapata maji, na mchana sauti ipumzike.

Chakula cha usiku. Asidi ya tumbo ikipanda hadi kooni huunguza zoloto, wakati mwingine bila mtu kuhisi kiungulia. Dalili zake ni sauti nzito asubuhi na hamu ya kujikohoza kila mara. Bakuli la urojo wenye ndimu na pilipili saa nne usiku, kisha kulala saa nne na nusu, ni njia fupi ya kufika huko. Acha saa mbili au tatu kati ya chakula na kitanda.

Moshi. Sigara na shisha huvimbisha nyuzi za sauti na huinenepesha sauti, kinyume kabisa na kinachotafutwa. Moshi wa kuni na mkaa katika jiko lisilo na dirisha nao hudhuru. Hata udi na ubani, mapambo ya nyumba zetu, ni moshi. Anayefanya mazoezi asifanye katika chumba kilichofukizwa sasa hivi.

Kujikohoza na kunong'ona. Kujikohoza ili kusafisha koo huzigonganisha nyuzi kwa nguvu. Meza mate au kunywa funda la maji. Na kunong'ona, ambako wengi hukuona ni kupumzisha sauti, mara nyingi hukaza koo zaidi kuliko kuzungumza kwa upole.

Muda. Dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku, zinafundisha misuli kuliko saa nzima kwa mkupuo. Anza kwa kupasha: kupiga miayo, kulegeza taya na shingo, kuvuma "mmm" midomo ikiwa imefungwa. Koo likiuma, acha. Maumivu ni dalili kwamba kitu kinafanywa vibaya.

Kelele. Siku ya mechi Uwanja wa Amani, ndani ya daladala, au harusini karibu na spika, mtu hupaza sauti bila kujijua. Sauti mpya ambayo bado haijakomaa huumia upesi katika kelele. Msogelee unayezungumza naye, au ngojea.

Zoezi la mrija

Nyumba nyingi za Ng'ambo zimebanana. Ukuta ni mmoja, dirisha linaangaliana na dirisha. Anayejifunza kwa siri huamua kufanya mazoezi kwa kunong'ona, au kusubiri nyumba iwe tupu na kupiga kelele kwa saa mbili mfululizo. Njia zote mbili zinaumiza.

Lipo zoezi la utulivu ambalo wataalamu wa sauti duniani hulitumia kwa waimbaji, walimu na wagonjwa. Tia maji glasi hadi nusu, zamisha mrija sentimita moja au mbili, kisha vuma "uuu" kupitia mrija huku mapovu yakitoka. Panda taratibu kutoka sauti ya chini hadi ya juu, kisha shuka. Hewa inayorudi nyuma ndani ya mrija husaidia nyuzi zitikisike bila kugongana kwa nguvu. Haliwezi kumfundisha mtu kiimbo wala mvumo wote, lakini humwezesha kupandisha sauti bila kulikaba koo, na jirani hasikii zaidi ya mapovu. Dakika tatu hadi tano zinatosha kwa kuanzia.

Simu nayo husaidia ikitumiwa vizuri. Jirekodi sentensi ile ile mara moja kwa wiki, kisha linganisha. Kusikiliza kila baada ya dakika tano huleta hofu, na hofu huminya koo.

Lini kumwona daktari, na kwa nini hawaendi

Sauti iliyopwelea kwa zaidi ya wiki tatu au nne inahitaji kuangaliwa na daktari wa masikio, pua na koo. Damu ikitoka, kumeza kukiwa kwa maumivu, pumzi ikibana au uvimbe ukionekana shingoni, usingoje hata hizo wiki. Sababu inaweza kuwa uvimbe mdogo unaopona kwa mapumziko. Inaweza pia kuwa saratani, hasa kwa mvutaji. Bila kuchungulia zoloto hakuna anayejua.

Hapa ndipo penye tatizo lenyewe. Kwanza, wataalamu ni wachache. Fani inayofundisha mtu kutumia sauti na usemi upya, tiba ya usemi, ni changa katika kanda yetu. Shahada yake ya kwanza Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda. Tanzania, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kimeingia katika fani hiyo miaka ya karibuni tu. Wachache waliopo wana foleni ya wagonjwa wa kiharusi, watoto wenye mdomo sungura na watoto wasiosikia.

Pili, hofu. Sheria za adhabu za Bara na za Zanzibar zinaadhibu mahusiano ya jinsia moja. Hazisemi lolote kuhusu wembamba wa sauti ya mtu, lakini mtaani na hata zahanati mambo haya hayatenganishwi. Februari 2017 Wizara ya Afya ilivizuia vituo 40 kutoa huduma za UKIMWI kwa makundi maalumu, kwa madai kuwa vinahamasisha mapenzi ya jinsia moja. Uganda ilipitisha sheria kali mwezi Mei 2023. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo, lakini ilifuta kifungu kilichowalazimisha watu kutoa taarifa kwa polisi, kwa kuwa kilikuwa kinawazuia wagonjwa kutafuta matibabu. Majaji walewale walioilinda sheria walikubali hoja hii moja: mgonjwa anayemwogopa daktari haendi hospitali.

Kwa ugonjwa wa koo hoja hiyo ni nzito. Daktari humuuliza mgonjwa, "Sauti yako unaitumiaje?" Mwalimu hujibu kwamba anafundisha, mwimbaji kwamba anaimba. Mwanamke aliyebadili jinsia hana jibu ambalo ni salama, kwa hiyo husema hajui, au hakai kwenye foleni kabisa. Daktari naye hutibu bila kujua chanzo, na sauti hupwelea tena baada ya mwezi.

Kinachowezekana sasa

Hakuna dalili kwamba sheria za Tanzania zitabadilika hivi karibuni, na Zanzibar haiko katika mjadala ambao mahakama za Kenya zimeufungua. Lakini mambo mawili hayahitaji sheria mpya.

La kwanza ni usiri wa mgonjwa, ambao tayari ni sehemu ya maadili ya udaktari na uuguzi. Anayelalamika koo atibiwe koo, na analolisema ndani ya chumba cha daktari libaki humo. La pili ni elimu ya sauti kwa wote. Kila tarehe 16 Aprili dunia huadhimisha Siku ya Sauti, iliyoanzia Brazil mwaka 1999, na kwetu hupita kimya. Walimu wanapwelewa sauti kila muhula, na wengi hawajawahi kufundishwa hata zoezi la mrija. Elimu hiyo ikitolewa redioni na maskulini kwa kila mtu, itamfikia pia yule ambaye hawezi kunyanyua mkono akauliza.

Yeye atakuwa anasikiliza chumbani, mlango umefungwa, na glasi ya maji mezani. Akijua kwamba hana haja ya kuliminya koo lake, hiyo peke yake itampunguzia safari ya hospitali anayoiogopa.